Kabla Hujaita Lori la Kokoto, Tafuta Tepu Kwanza

Wasee wangu, leo nianze na aibu yangu. Kwetu nyumbani, upande wa Bomet, kuna rundo la kokoto limekaa nyuma ya jikoni ya kogo tangu mwaka jana. Kuku wanapanda juu yake asubuhi kuota jua. Kila nikienda kumsalimia naliona, na nakumbuka kwamba ile ni pesa ya bonasi yake ya majani chai, na mimi ndiye niliyeimwaga pale.

Kama hujakulia huku kwetu, wacha nikueleze. Mkulima mdogo wa chai ya KTDA analipwa kidogo kila mwezi kulingana na kilo zake, halafu bonasi inakuja mara moja kwa mwaka, mara nyingi Oktoba. Pesa ya mwezi ni ya chumvi na sabuni. Bonasi ndiyo ya mambo makubwa: karo, mabati, ng'ombe. Kogo alitaka kitu kimoja tu: njia isiyo na matope kutoka getini hadi mlangoni. Mvua ya huku unaijua, na udongo wetu mwekundu ukilowa ni kama sabuni. Alikuwa ameteleza mara moja na kuumia kiuno.

Mimi kwa kujiamini kwangu nikamwambia, "Kogo, niachie mimi." Nilikuwa nimetazama zile vidio za Marekani, wanamwaga kokoto ndogo za mviringo, ukubwa wa minji, muziki unacheza, boma linang'aa. Fundi akaja, akaangalia kwa macho, akasema, "Leta lori moja ya tani saba, itatosha." Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Ilitosha kweli! Ilitosha, na ikabaki ya kutosha njia zingine nne za aina hiyo.

Sasa maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaokasirika: kazi nyingi za boma huku hazituli pesa kwa sababu vitu ni ghali. Zinatula kwa sababu tunaona aibu kupima. Kutoa tepu mbele ya fundi tunaona ni kama kumtukana. Na sisi vijana ndio wabaya zaidi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na watu wanadhani niliacha na hesabu huko. Lakini hii si hesabu ya chuo. Ni ya shule ya msingi: urefu mara upana mara kina.

Njia ya kogo ni mita 12 kwa urefu na mita 1.2 kwa upana. Kina cha kokoto za kutembelea ni sentimita 5, yaani mita 0.05. Zidisha: 12 × 1.2 × 0.05 = 0.72. Hizo ni mita za ujazo. Ongeza kama asilimia 10 ya kumwagika na kushindiliwa, unapata karibu 0.8. Mita moja ya ujazo ya kokoto ni kama tani 1.6, kwa hiyo tulihitaji tani moja na kitu. Sisi tukaleta saba.

Kama desimali zinakuumiza kichwa, tumia debe. Debe ni lita 20, kwa hiyo madebe 50 ni mita moja ya ujazo. Njia ya kogo ilitaka madebe 40. Hiyo hata kogo anaielewa haraka kuliko mimi, maana maisha yake yote amepima mahindi kwa debe. Kama ningemwambia, "Nataka kuleta zaidi ya madebe 200," angeniuliza nataka kujenga barabara ya kwenda Kericho ama nini.

Kuna mtu atasema lori dogo ni hasara, kwa sababu nauli ni ile ile. Ni kweli, usafiri ndio unauma. Lakini dawa yake si kununua usichohitaji. Ongea na majirani wa kokwet, watatu au wanne, kila mtu apime kwake, mjumlishe, muite lori moja mgawane. Huku tumezoea kusaidiana kwa harusi na matanga. Kokoto zinatushinda nini?

Kosa langu la pili sikuliona kwa vidio yoyote. Zile vidio zinapigwa mahali tambarare. Kwetu ni milima. Kokoto za mviringo hazishikani, ukizikanyaga zinabingirika, na mvua kubwa ikishuka kwa mteremko zinakwenda nayo. Nyanya mwenye fimbo ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu fimbo inazama. Nilichagua kilicho kizuri kwa kamera, si kwa miguu yake.

Tulirudia kazi. Tulichimba ule udongo laini wa juu, tukashindilia, tukaweka murramu na kuishindilia tena. Juu yake tukaweka kokoto ndogo za kwari, zile zilizovunjwa kwa mashine. Zina kona, kwa hiyo zinashikana. Pembeni tukapanga mawe zisitawanyike, na kila baada ya mita chache tukalaza jiwe refu kukata njia ili maji yasizibebe. Zile za mviringo tukapeleka chini ya michirizi ya paa na kando ya tangi, mahali ni tambarare na hapatembelewi. Huko zinafanya kazi safi: maji yanaanguka, hayarushi matope ukutani, yanazama taratibu.

Na tafadhali, usitandike nailoni chini. Watu wanaiweka kuzuia magugu, halafu maji yanakosa pa kwenda, na kwa mvua yetu utapata dimbwi lenye mawe. Usiende pia kuchota mawe mtoni kwa sababu ni ya bure. Mto ukitolewa mawe, kingo zinaanza kubomoka, na shamba litakaloliwa ni la mtu wa chini yako. Huku mawe ya bure yanatoka juu tu, na hayo yanaharibu chai.

Kogo hakunigombeza hata siku moja, na hiyo ndiyo inaniuma. Alilitazama lile rundo, akaniuliza, "Ulipima na nini?" Sikuwa na jibu. Alichuma chai hiyo kwa mikono yake, kilo kwa kilo, na kila kilo ilipimwa kwa mizani kituoni. Halafu mjukuu akaenda kuitumia bila kupima.

Tepu ni pesa kidogo dukani. Nunua. Fundi akikasirika ukipima, huyo si fundi wako. Na kama hesabu inakushinda, nitumie urefu, upana na kina, nitakupigia bure. Lakini ukiniandikia "ni kama kutoka hapa hadi pale," sitajibu.