Teknolojia ikinunuliwa, uamuzi huhama

Kampuni ya teknolojia inapouzwa kwa wageni, jambo linalotangazwa kwa sauti kubwa ni bei. Magazeti huandika mabilioni yaliyolipwa, mawaziri hujisifu kwamba wamevuta mitaji, na wenye hisa huhesabu chao. Swali ambalo huulizwa na wachache, tena mara nyingi baada ya wino wa mkataba kukauka, ni hili: kuanzia sasa ni nani atakayeamua kampuni hiyo itengeneze nini, imwuzie nani, imnyime nani, na faida yake ikajenge nchi gani?

Wapo wanaodhani kwamba hilo ni swali la nchi maskini tu. Sivyo. Uingereza, nchi iliyokuwa na himaya kubwa kuliko zote duniani na yenye vyuo vikuu vya karne nyingi, imejikuta ikilijibu swali hilo ikiwa imekwisha kuchelewa. Habari za kampuni yake ya ARM zinastahili kusomwa kwa makini na kila mtumishi wa umma na kila mwalimu wa nchi zetu, kwa sababu zinaonyesha hatua kwa hatua jinsi uhuru wa teknolojia unavyojengwa na jinsi unavyopotea.

MBEGU YA UMMA

ARM haikuchipuka jangwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, shirika la utangazaji la umma la Uingereza, BBC, lilianzisha mpango wa kuwafundisha wananchi elimu ya kompyuta. Shirika lilihitaji kompyuta moja ya kufundishia, na kazi ya kuitengeneza ikapewa kampuni ndogo ya mjini Cambridge iliyoitwa Acorn. Serikali nayo ikachangia nusu ya gharama ili shule ziweze kununua kompyuta. Kwa njia hiyo kampuni changa ikapata soko la uhakika, na watoto wa shule wakapata chombo cha kujifunzia.

Kutokana na nguvu hiyo wahandisi wa Acorn, wakiongozwa na Sophie Wilson na Steve Furber, walichora chipu yao wenyewe, ambayo ilifanya kazi kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1985. Mwaka huohuo Acorn, ikiwa imeelemewa na matatizo ya fedha, iliangukia mikononi mwa Olivetti ya Italia. Lakini michoro ya chipu ilinusurika. Mwezi Novemba 1990 Acorn iliungana na Apple na VLSI Technology za Marekani kuunda kampuni mpya ya ARM, iliyoanza na wahandisi 12 katika ghala la shamba karibu na Cambridge.

ARM haina kiwanda cha chipu. Mali yake ni michoro, ambayo huwakodisha watengenezaji wa dunia nzima kwa leseni na kulipwa mrabaha kwa kila chipu inayouzwa. Leo karibu kila simu ya kisasa, iwe mfukoni mwa waziri au mwa mchuuzi wa Kariakoo, huendeshwa na chipu iliyotokana na michoro hiyo. Ni mti mkubwa, na mbegu yake ilipandwa na shirika la umma, ikamwagiliwa kwa fedha za walipa kodi, na kukulia katika madarasa ya shule za kawaida.

AHADI ZA MIAKA 5

Mwezi Julai 2016, wiki chache baada ya Waingereza kupiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya na thamani ya pauni kuporomoka, SoftBank ya Japani ilitangaza kuinunua ARM yote kwa pauni bilioni 24.3. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Hammond, aliupokea uamuzi huo kama ushahidi kwamba nchi yake bado inapendwa na wawekezaji. Hermann Hauser, mmoja wa waanzilishi wa Acorn, alisema kwamba hiyo ni siku ya huzuni kwake na kwa teknolojia ya Uingereza. Kati ya hao wawili, historia imempa haki Hauser.

Ni kweli kwamba Uingereza haikuuza bila masharti. SoftBank iliweka ahadi zenye nguvu ya kisheria: makao makuu yangebaki Cambridge, na idadi ya wafanyakazi nchini Uingereza ingeongezwa maradufu katika muda wa miaka 5. Ahadi hizo zilitekelezwa. Lakini ahadi yenye tarehe ya mwisho hufika mwisho. Muda ulikwisha mwezi Septemba 2021, na mwezi Machi 2022 kampuni ikatangaza kupunguza hadi asilimia 15 ya wafanyakazi wake, wengi wao wakiwa wa Uingereza na Marekani.

Katika miaka hiyo, maamuzi makubwa yalifanywa bila nchi ya asili kuwa na sauti ya mwisho. Mwaka 2018 asilimia 51 ya tawi la ARM nchini China iliuzwa kwa wawekezaji wa China kwa dola milioni 775. Miaka miwili baadaye bodi ilipotaka kumwondoa mkuu wa tawi hilo, yeye alikataa kutoka na kuendelea kushikilia muhuri wa kampuni, ambao kwa sheria za China ndio unaotia nguvu hati zote. Mgogoro huo ulidumu hadi mwaka 2022. Mwezi Septemba 2020 SoftBank ilikubali kuiuza ARM kwa Nvidia ya Marekani kwa dola bilioni 40. Mpango huo ulivunjika mwezi Februari 2022 baada ya kupingwa na wasimamizi wa ushindani, wakiwamo wa Marekani waliofungua kesi. Na ARM iliporudi kuuza hisa kwa umma mwezi Septemba 2023, viongozi wa Uingereza waliisihi sana ichague soko la London. Ikachagua New York.

Tulitazame jambo hili vizuri. Serikali ya nchi ilikozaliwa kampuni, nchi iliyolipia elimu ya wahandisi wake na kununua kompyuta za kwanza, ilifika mahali pa kubembeleza. Hakuna aliyevunja sheria wala mkataba. Mwenye mali alitumia haki ya mwenye mali, nayo nchi ilikuwa imekwisha kumpa haki hiyo kwa risiti.

DAWA BAADA YA UGONJWA

Uingereza baadaye ilijifunza. Sheria ya Usalama wa Taifa na Uwekezaji ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Januari 2022, inaipa serikali mamlaka ya kuchunguza na hata kuzuia ununuzi wa makampuni katika sekta 17 zilizotajwa. Mwezi Novemba 2022 serikali iliitumia sheria hiyo kuiamuru Nexperia, kampuni ya Uholanzi inayomilikiwa na Wachina, iuze asilimia 86 ya kiwanda cha chipu cha Newport, kule Wales, ambacho ilikuwa imekichukua mwaka uliotangulia. Mwaka 2024 kiwanda hicho kilichukuliwa na Vishay ya Marekani. Kutoka mkono wa mgeni mmoja kikaingia mkono wa mgeni mwingine, kwa kuwa nyumbani hakupatikana wa kukinunua. Sheria inaweza kumfukuza mnunuzi, lakini haiwezi kumzaa mwingine.

Uholanzi nayo ilionja uchungu huo mwaka 2025, pale serikali yake ilipoingilia uongozi wa Nexperia kwa hofu kwamba utaalamu ungehamishwa. China ikajibu kwa kuzuia bidhaa za kampuni hiyo zisitoke katika viwanda vyake, na watengenezaji wa magari wa Ulaya wakatikisika kwa kukosa vipuri vya bei ndogo kabisa. Mwezi Novemba mwaka huohuo Uholanzi ikasimamisha amri yake. Kurejesha uamuzi uliokwisha kuuzwa ni kazi ngumu kuliko kutouuza.

HOJA YA WENYE KUUZA

Haki inatudai tuwasikilize wenye mawazo tofauti. Wanasema kampuni ni jasho la waanzilishi wake, nao wana haki ya kuvuna walichopanda. Wanasema mgeni huleta mtaji na masoko ambayo nchi haina. Hoja hizi zina uzito. Vijana wa Nigeria walioanzisha Paystack waliiuza kwa Stripe ya Marekani mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 200. InstaDeep, iliyoanzishwa Tunis mwaka 2014, ilichukuliwa na BioNTech ya Ujerumani mwaka 2023. Nani angethubutu kuwaambia vijana hao wakatae, wakati nyumbani hakuna benki wala mfuko ambao ungewapa hata sehemu ndogo ya fedha hizo? Kumlaumu muuzaji na kuusahau ukosefu wa mtaji wa ndani ni kuupiga mti kwa kosa la ardhi.

Vilevile kujifungia ndani si uhuru. Tanzania yenyewe ilijaribu: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya hasara na matatizo ya mitambo iliyokuwa imeagizwa. Hofu ya kutegemea mitambo ya wageni ilikuwa na msingi. Lakini marufuku peke yake haikufundisha mhandisi hata mmoja, na ilipolegezwa tulikuta wenzetu wamekwisha kwenda mbali. Mlango uliofungwa haulindi chochote ikiwa ndani ya nyumba hakuna anayefanya kazi.

Baina ya kuuza kila kitu na kufunga kila mlango ipo njia ya tatu. Brazil iliunda kampuni ya ndege ya Embraer mwaka 1969 kama mali ya taifa. Ilipoibinafsisha mwaka 1994, serikali ilijibakizia hisa moja maalumu yenye nguvu ya kuzuia maamuzi makubwa. Boeing ilipotaka asilimia 80 ya kitengo cha ndege za abiria mwaka 2018, ilibidi ridhaa ya serikali ipatikane kwanza. Boeing yenyewe ilijitoa mwezi Aprili 2020, na Embraer imeendelea kusimama kwa miguu yake. Hisa moja haikumfukuza mwekezaji yeyote, ila ilihakikisha kwamba katika kikao cha kuamua hatima ya kampuni taifa lina kiti.

SOMO LA TTCL

Sisi wenyewe tunao ushahidi wa karibu. Mwezi Februari 2001 asilimia 35 ya hisa za TTCL iliuzwa kwa ubia wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. MSI ikageuka kuwa Celtel. Mwaka 2005 Celtel ikanunuliwa na kampuni ya Kuwait ambayo baadaye ilijiita Zain. Mwaka 2010 biashara ya Zain barani Afrika ikachukuliwa na Bharti Airtel ya India. Tuliyeingia naye ubia siye tuliyeishia naye, na mikataba iliyombadilisha ilitiwa saini mbali na Dar es Salaam. Mwaka 2016 Serikali ililipa shilingi bilioni 14.9 kuzirejesha hisa hizo. Shirika hilo ndilo lililokabidhiwa uendeshaji wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, njia ambayo benki, hospitali na ofisi za Serikali huitegemea kila siku. Ni vigumu kufikiri njia kama hiyo ikisubiri uamuzi wa mtu tusiyemjua.

WAJIBU WETU

Basi tufanye nini? Kwanza, watumishi wa umma wanaoandaa zabuni na mikataba ya mifumo ya kompyuta waandike wazi mambo matatu: takwimu ni mali ya nani, Serikali itapataje programu yenyewe, pamoja na maandishi yake ya asili, ikiwa mtoa huduma ataondoka, na itakuwaje kampuni hiyo ikibadilisha mwenyewe katikati ya mkataba. Ibara ya tatu ndiyo husahauliwa zaidi, na habari za ARM na TTCL zimeonyesha gharama ya kuisahau.

Pili, Serikali iwe mnunuzi wa kwanza wa kazi za vijana wake, kama BBC na shule za Uingereza zilivyokuwa kwa Acorn. Uwezo upo. Mfumo wa malipo ya Serikali wa GePG ulijengwa na wataalamu wa ndani, na mwaka 2023 mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, nao wa wataalamu wetu, ulichukua nafasi ya mfumo wa TANePS. Tukiweza kujenga daftari la fedha za taifa, hatuna sababu ya kudhani kwamba mengine yote lazima yaagizwe.

Tatu, akiba zetu zifanye kazi nyumbani. Mifuko ya pensheni inakusanya jasho la walimu na makarani wa nchi nzima. Sehemu ndogo yake, ikiwekwa kwa hadhari na chini ya usimamizi wa kitaalamu, ingeweza kumpa mvumbuzi wa Mbeya au Mwanza chaguo jingine siku mgeni atakapobisha hodi na mkoba wake. Kijana ambaye hana chaguo hawezi kulaumiwa kwa kuuza.

Na nne, walimu. ARM ilianzia katika mpango wa elimu kabla haijaanza kuwa biashara. Mwanafunzi anayefundishwa kubonyeza programu za wenzake atakuwa mteja mwema maisha yake yote. Anayefundishwa hisabati na mantiki ya kuzitunga anaweza kuwa mwenye michoro. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 1981 hakuna aliyejua kwamba kompyuta ya darasani ingezaa chipu ya dunia nzima, na leo hatujui ni darasa gani la Tabora au Lindi lenye mtoto wa kufanya hivyo. Tunachoweza ni kumwekea kompyuta na mwalimu, na kuwa na sheria na mtaji tayari siku kazi yake itakapopata thamani.