"TWICE" SIYO MBILI (Sehemu ya 4)

Mama zangu na baba watoto, leo nasema jambo ambalo wenzangu wa kazini hawatalipenda. Wanisamehe tu.

Mama mmoja kijana, mtoto wake wa kwanza, alipewa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha. Mtoto ana nimonia. Juu ya bahasha ya dawa kumeandikwa: "1 twice daily". Basi. Nyumbani akamuuliza binti wa jirani anayesoma sekondari, akaambiwa twice ni mbili. Akawa anayeyusha vidonge viwili kwa mkupuo kila asubuhi, halafu hakuna kitu mpaka kesho yake. Siku ya tatu akarudi, mtoto kifua kinabonyea akivuta pumzi.

Tukamsema yule mama. Jamani, kosa lilikuwa lake?

Twice na two zinaanza na herufi zilezile, ni rahisi kuzichanganya. Lakini two ni mbili, twice ni MARA mbili. Hako kaneno "mara" ndiko kanakotenganisha vidonge viwili kwa pamoja na kimoja asubuhi, kimoja usiku. Kiswahili tunacho, kwa nini tunakificha?

Na siyo sisi tu. Kule Marekani kuna wagonjwa wanaosoma Kihispania. Kwa Kiingereza once ni mara moja. Kwa Kihispania neno lenye herufi hizohizo ni kumi na moja! Sasa fikiria bahasha ya dawa ya presha imeandikwa hivyo.

Kuna watakaosema, "Wazazi wajifunze Kiingereza." Mama hakuja kufanya mtihani, kaleta mtoto anaumwa. Wengine watasema foleni ni ndefu. Kuandika "asubuhi 1, usiku 1" kunachukua muda gani?

Hata ile "kutwa mara 2" yetu naona haitoshi. Si tunasema usiku kucha, mchana kutwa? Ndiyo maana wapo wanaompa mtoto asubuhi na adhuhuri, usiku mzima hana dawa. Mara 2 maana yake kila baada ya saa 12. Ukimpa saa 1 asubuhi, mpe tena saa 1 usiku.

Kwa hiyo mama, usitoke pale dirishani kabla hujajua mambo matatu: kiasi gani kwa mara moja, saa ngapi, na kwa siku ngapi. Kisha mrudie aliyekupa dawa, kwa maneno yako mwenyewe, jinsi utakavyompa mtoto. Akikasirika, mwache akasirike. Hasira zake zitaisha jioni.

Na wewe mwenzangu unayeandika "twice" kila siku: unamwandikia nani?