Zima Umeme Leo, Kabla Haujakatika Wenyewe

Wenye hosteli, wakuu wa shule, wasimamizi wa maghorofa: ile taa ya kijani yenye alama ya mtu anayekimbia, iliyo juu ya mlango wenu, huenda imeshakufa na hamjui. Kuwaka kwake mchana hakuthibitishi kitu, maana mchana inatumia umeme wa jengo. Kazi yake inaanza umeme unapokatika, na hapo inategemea betri ndogo ambayo pengine haijajaribiwa tangu siku ilipofungwa.

Mimi ni fundi umeme, na kosa ninalolikuta zaidi ni hili. Aliyefunga taa ya dharura, iwe hiyo ya alama au ile ya kumulika korido na ngazi, alichukua waya wa moto baada ya swichi ya korido. Saa nne usiku mlinzi anazima taa ili kuokoa uniti za LUKU. Taa ya dharura haijui kuwa ni mlinzi. Inadhani umeme umekatika, inajiwasha na kuanza kula betri. Ikiwa ni ya kudumu saa tatu, saa saba usiku imekwisha. Moto ukizuka saa nane, ngazi ni giza totoro. Na betri inayokaushwa hivyo kila usiku hufa mapema mno. Katika hosteli moja nilikuta taa 11 za namna hiyo. Nilipokata umeme ikawaka moja.

Waya wa moto utoke kwenye saketi ileile ya taa za korido, lakini kabla ya swichi. Msiuvute kutoka kwenye soketi. Breka ya taa za korido ikianguka peke yake, soketi bado zitakuwa na umeme, na taa ya dharura itaendelea kulala huku watu wakipapasa ukuta.

Msiseme mna jenereta. Jenereta haina msaada ikiwa moto umeunguza nyaya zinazopeleka umeme kwenye ngazi. Balbu za kuchaji za dukani nazo ni za sebuleni, msizihesabu.

Na msidhani hatari ni moto tu. Aprili 12, 2015, kabla ya mapambazuko, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko kwenye kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Zilikuwa zimepita siku kumi tu tangu mauaji ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, na wanafunzi wakaamini wamevamiwa. Walisukumana, wakaruka madirishani. Mmoja alifariki, zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Hakukuwa na mvamizi. Mtu anayeamshwa na kishindo asipoiona ngazi huliendea dirisha.

Mnaponunua, chagueni taa inayodumu saa tatu, yenye kitufe cha kujaribia na betri inayobadilishika. Ukali wa mwanga si hoja kubwa: viwango vya Ulaya vinataka luksi 1 tu katikati ya njia ya kutokea, na mbalamwezi ya mwezi mpevu ni kama robo ya hiyo. Hoja ni taa kufika kila mahali mguu unapoweza kukosea: kila ngazi, kila kona, kila sakafu inapobadilika kimo, na nje ya mlango wa mwisho, ambako wengi husahau.

Taa inaonyesha mlango, haifungui kufuli. Katika shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini, mlango mmoja ukiwa umefungwa. Funguo zitolewe leo.

Kisha mjaribu. Bweni likiwa tupu, asubuhi, shusheni breka ya taa, wala si swichi, mtembee njia nzima hadi nje. Acheni saa tatu zitimie, kisha mrudishe umeme, kwani betri huweza kuhitaji saa 24 kujaa tena. Jaribio hili refu ni la kila mwaka; lile fupi, la dakika chache, ni la kila mwezi. Taa yoyote iliyozimika mapema ibadilishwe betri kabla watoto hawajarudi kulala humo.