Nyumba ya Wakfu Haigeuzwi Mtaji

Ndugu zangu na wana wetu wa Maskati, Dubai na London, limeletwa pendekezo kwamba nyumba aliyoiwakifu babu yetu Mji Mkongwe iuzwe, na thamani yake iwe mtaji wa kuwakopesha wachuuzi wadogo wa Unguja "kwa njia ya Kiislamu". Nalipinga, na nitalipinga hata nikibaki peke yangu.

Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza azuie shina na atoe matunda: shina lisiuzwe, lisitolewe hiba, lisirithiwe. Wanavyuoni walioruhusu kubadilisha wakfu waliruhusu kwa dharura, jengo likiporomoka au likikosa manufaa, tena kwa idhini ya kadhi, na kinachonunuliwa badala yake kiwe wakfu vilevile. Nyumba yetu ina wapangaji na inaleta kodi. Dharura iko wapi? Na Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa Sheria Namba 2 ya 2007. Mambo haya hayapigiwi kura kwenye simu.

Mwaka 1894 majaji wa Privy Council, London, katika rufaa iliyotoka Bengal, waliuhukumu wakfu wa kizazi kuwa batili pale fungu la maskini linapokuwa la mbali mno. Waislamu wa India hawakutulia hadi ikatungwa sheria ya 1913 ya kuuhalalisha. Kauli ile iliisumbua pwani yetu pia, na wazee wakalalama kwamba Mwingereza anavunja wakfu zao. Leo aliyeshika nyundo ni mjukuu.

Ama huo "Uislamu" wa mkopo: murabaha ya kweli humtaka mkopeshaji anunue cherehani, aimiliki, abebe hatari yake, ndipo amuuzie mshoni kwa faida inayojulikana. Nimeshika madaftari ya hesabu umri wangu wote wa kazi, na nimeona karatasi za murabaha ambazo cherehani yake haikuwahi kuwepo. Fedha ilitoka taslimu, ikarudi na nyongeza. Hiyo ni riba iliyovaa kanzu.

Nitaambiwa Waturuki walikuwa na wakfu wa fedha. Naam, karne ya 16 Ebussuud Efendi aliuhalalisha na Birgivi akampinga vikali, kwani fedha zile zilikopeshwa kwa nyongeza. Mimi niko na Birgivi juu ya nyongeza, si juu ya fedha.

Anayewahurumia wachuuzi atoe mfukoni mwake. Akhuwat ya Pakistan, tangu 2001, hukopesha bila riba kwa michango ya watu, na mikopo mingi hutolewa misikitini. Nasi tuanzishe wakfu mpya wa fedha, ikopeshwe karadha njema, na aliyekwama asubiriwe kama inavyoamrisha aya ya 280 ya Baqara. Mtaji huo utapungua, kwa madeni yasiyolipika na kwa sarafu kushuka. Shilingi moja ya 1980 leo hainunui hata andazi. Basi ipungue fedha yetu sisi, si amana ya marehemu.

Mimi naanza na riyali 100. Karatasi ya kuuza nyumba msiniletee.