Kabla ya kununua dawa, utazame kwanza unywele ulioanguka

Ukipita Soko la Mwanga mjini Kigoma, au ukifika Ujiji, hutakosa mafuta ya kichwa. Kuna mafuta ya mise, yale yanayotoka kwenye kokwa la chikichi. Kuna ya nazi, ya nyonyo, ya mwarobaini, na ule mchanganyiko ambao anayejua kilichomo ni muuzaji peke yake. Hatua chache mbele liko duka la dawa, lenye krimu, vidonge vya biotini na chupa za minoksidili. Pande zote mbili mteja anakuja na maneno yaleyale: "Nywele zangu zinakatika, naomba dawa." Na pande zote mbili anapewa dawa.

Sina ugomvi na miti shamba, wala si shabiki wa vidonge. Ugomvi wangu ni na dawa inayotolewa kabla mtu hajauliza ni ugonjwa gani. Kwa nywele, kosa hilo mara nyingine hupoteza fedha tu. Mara nyingine hupoteza nywele zenyewe, moja kwa moja, na wanaoumia zaidi ni watoto.

Tuanze na lugha. Tumezoea kusema nywele "zinakatika" kwa kila kinachozipunguza, lakini kuna kukatika na kuna kunyonyoka. Unywele uliokatika umevunjika njiani. Ni mfupi, na shina lake bado limo kichwani likiendelea kuota. Unywele ulionyonyoka umetoka na mzizi, na ukiushika kwenye mwanga utaona kitone cheupe upande mmoja. Chukua nywele kumi kwenye kitana chako leo uzitazame. Kunyonyoka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida ya mwili wenye afya, kwa hiyo usishtuke kwa kuona chache.

Nywele zinazokatika zinahitaji kulainishwa na kupumzishwa, na hapo mise inafanya kazi yake vizuri. Ina asidi ya lauriki kwa wingi, kama ilivyo nazi, na vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Bibi zetu hawakukosea. Mawese nayo yanalainisha, ingawa yanaharibu shuka, na kwa maoni yangu heshima yake kubwa iko kwenye sufuria. Lakini kulainisha si kuotesha. Mafuta hayafufui shina lililokufa, na hayamfikii fangasi aliyejificha ndani ya unywele.

Fangasi huyo ndiye ninayetaka wazazi wamjue. Tunamwita mapunye. Huwapata zaidi watoto wa umri wa shule ya msingi. Huanza kama baka dogo lenye unga mweupe, nywele zikikatikia karibu na ngozi, mara nyingine zikiacha vidoti vyeusi. Baka moja linakuwa matatu. Nyumbani mtoto anapakwa kitunguu saumu kilichopondwa, ambacho kinaweza kuunguza ngozi kweli, au mwarobaini, au mafuta ya taa. Wapo wanaosugua hadi damu itoke. Duka la dawa linatoa krimu, na mara nyingi ni ile ya mchanganyiko yenye steroidi ndani yake: wekundu unapungua, mama anafurahi, na chini kwa chini fangasi anaendelea kusambaa. Miezi inapita.

Kinachoshinda dawa hizi zote ni kitu kimoja. Fangasi wa mapunye ameingia ndani ya unywele na kwenye shina lake, mahali ambapo cha kupaka hakifiki. Anahitaji dawa ya kumeza. Griseofulvini ni ya zamani, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Humezwa kwa wiki sita hadi nane, kwa kipimo kinachotegemea uzito wa mtoto, ndiyo maana ni lazima apimwe kwanza. Terbinafini ni nyingine. Shampuu ya dawa husaidia kupunguza maambukizi lakini haitoshi peke yake, na kunyoa upara pia hakutoshi.

Watu wa ziwani wana bahati moja hapa: griseofulvini huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta. Ugali na mgebuka ulioungwa kwa mawese unakifaa kidonge hicho kuliko chai ya rangi ya asubuhi. Kosa linaloharibu kazi ni kuacha dawa wiki ya tatu, kichwa kinapoanza kupendeza. Na ukiona mapunye kwa mtoto mmoja, kagua vichwa vyote vya nyumba hiyo. Kitana, kofia na mashine ya kunyolea husafirisha fangasi kutoka kichwa hadi kichwa. Mwambie kinyozi asafishe mashine yake mbele yako; akikasirika, tafuta kinyozi mwingine.

Kuna watoto ambao mwili wao hupambana na fangasi kwa nguvu kupita kiasi. Sehemu ya kichwa huvimba na kuwa laini kama embe lililoiva mno, usaha hutoka kwenye vitundu vingi, na tezi za shingo huvimba. Kitabibu huitwa kerioni. Wazazi hudhani ni jipu na kuomba lipasuliwe, na wapo waliolipasua wenyewe kwa wembe. Halipasuliwi. Linatibiwa kwa dawa ya fangasi ya kumeza, na mapema. Likicheleweshwa, mashina ya nywele hufa na kovu hubaki, na juu ya kovu nywele haioti tena, hata ukinunua dawa ya bei gani. Mtoto wa miaka sita aliyezungushwa miezi mitatu kati ya kibanda cha mafuta na duka la krimu anaweza kubaki na upara huo hadi uzeeni, akiuficha kwa kofia au ushungi.

Tusiwacheke wazee waliopaka mafuta ya taa. Kabla ya griseofulvini kuanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1958, hospitali zenyewe, Ulaya na kwingineko, zilitibu mapunye kwa eksirei: kichwa cha mtoto kilipigwa mionzi hadi nywele zote zidondoke. Huko Israel maelfu ya watoto, wengi wao wa familia za wahamiaji, walitibiwa hivyo, na miaka baadaye baadhi yao walipata uvimbe na saratani. Mwaka 1994 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuwalipa fidia. Koti jeupe peke yake halikuwa ushahidi wakati ule, na halijawa ushahidi leo.

Tatizo la pili halina mdudu. Linasukwa.

Shule zetu nyingi hutaka mtoto awe na nywele fupi, kwa hiyo likizo ya Desemba na sikukuu za Idi ndiyo nafasi ya kusuka. Nywele ni fupi, msusi anataka mstari usimame na mama anataka msuko udumu, basi zinavutwa. Mtoto akilia anaambiwa avumilie, na usiku anapewa Panadol. Mimi nasema msuko unaohitaji Panadol umeshajeruhi. Vipele vidogo kwenye mizizi, ngozi iliyoinuka kama hema na macho yaliyovutika ni dalili za kufumua jioni hiyohiyo, hata kama msusi ameshalipwa. Ule msuko wetu wa twende kilioni, uliosukwa nyumbani bila kukazwa, haukumtoa mtu nywele za paji la uso.

Hili si jambo dogo. Mwaka 2007 daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town walichapisha matokeo ya kukagua vichwa vya watu: karibu mwanamke 1 kati ya 3 alikuwa amepungukiwa nywele kwa sababu ya kuvutwa, na kwa wasichana wa shule ilikuwa kama 17 kati ya 100. Hatari huzidi pale rasta zinaposukwa juu ya nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha. Mwanzoni nywele za kingo hurudi zenyewe ukiacha kuvuta, bila kununua chochote. Mvuto ukiendelea miaka, vitundu vya nywele huziba na ngozi hung'aa, na hapo tunarudi kwenye habari ya kovu. Nikimwona mwanamke mwenye kingo zilizorudi nyuma akinunua mafuta ya kuotesha halafu anakwenda kusuka palepale kwa ajili ya kuficha upungufu huo, namwonea huruma, kwa sababu dawa yake ilikuwa ya bure.

Baka la mviringo lililo laini kabisa, lisilo na unga wala muwasho, lina hadithi nyingine. Mtu anaamka, anakuta kipande cha kichwa hakina nywele, na mtaa mzima unasema amenyolewa na wachawi usiku. Kilichotokea ni kwamba kinga ya mwili wake imeshambulia mashina ya nywele. Baka moja au mawili ya namna hii mara nyingi hujaa yenyewe ndani ya mwaka, na ndiyo maana kila anayetibu ugonjwa huu, kwa mizizi au kwa sindano, ana mashahidi wa kutosha. Hapa ndipo ulipotokea umaarufu wa kitunguu maji. Mwaka 2002 madaktari wa Iraq walichapisha jaribio dogo: wagonjwa 23 walipaka juisi ya kitunguu, 15 walipaka maji ya bomba. Baada ya wiki sita nywele zilikuwa zimerudi kwa 20 kati ya wale 23. Kwa waliopaka maji zilirudi kwa 2 tu. Ni dalili nzuri, ingawa kwa harufu ile kila mgonjwa alijua amepewa nini. Ila kitunguu hicho kilijaribiwa kwa mabaka haya tu, na leo kinauzwa kwa mapunye, kwa kingo zilizovutwa na kwa upara wa mzee.

Wengine hunyonyoka kichwa kizima, polepole, bila baka. Rudi nyuma miezi miwili au mitatu: kulikuwa na malaria kali, homa ya matumbo, upasuaji au uzazi? Mwili uliotikiswa huzipumzisha nywele nyingi kwa pamoja, kisha huziangusha. Mama aliyejifungua hushtuka mtoto akiwa na miezi mitatu au minne, na kwa kawaida nywele zinakuwa zimerudi ifikapo mwaka. Zisiporudi, apimwe damu na tezi ya shingo, na kaswende isisahaulike, kwani nayo huacha nywele zilizonyofoka ovyo kichwani. Biotini humsaidia aliyepungukiwa nayo, na hao ni wachache. Isitoshe huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, hivyo mwambie daktari kama unaimeza.

Wanaume wenye upara wa kurithi, ule unaoanzia utosini na kwenye pembe za paji, ndio wenye haki ya kuzungumzia minoksidili. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaota nywele, na Marekani ikaruhusu ya kupaka mwaka 1988. Inafanya kazi kwa sehemu ya watu, huchukua miezi minne na zaidi, na ukiacha, ulichopata kinaondoka. Jaribio la Iran la mwaka 2015, kwa wanaume 100, lililinganisha mafuta ya rozimeri na minoksidili ya asilimia 2 kwa miezi sita, na tofauti haikuwa kubwa. Kwa hiyo mmea unaweza kupimwa, na unaweza kufaulu. Vijana wanaopaka minoksidili kwenye ndevu wajue jambo moja: Ulaya wameripotiwa watoto wachanga walioota nywele mwilini kwa kugusana na ngozi ya mzazi aliyeipaka. Nawa mikono, na usimlaze mtoto kifuani palipopakwa. Finasteridi, kidonge cha upara, isishikwe na mjamzito ikiwa imevunjika. Na mwanaume anayeimeza aseme anapokwenda kupima tezi dume, kwa sababu hushusha kipimo cha damu karibu nusu.

Kigoma ni mwisho wa reli, na madaktari wa ngozi ni wachache nchini. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha tangu 1992, lakini mama wa kijiji cha ziwani anayesubiri boti ya Kibirizi hawezi kuambiwa aende Moshi. Kwa mapunye hahitaji kwenda. Mganga wa zahanati au kituo cha afya anaweza kuyatambua kwa macho na kuanza tiba. Kinachokosekana ni mtu wa kuangalia vichwa kabla havijaharibika. Kwa maoni yangu, wiki ya kwanza ya kila muhula mhudumu wa afya apite madarasani akague vichwa kama anavyokagua macho, na mtoto mwenye mapunye aelekezwe kwenye dawa, asifukuzwe tu arudi nyumbani kupakwa mafuta ya taa. Na mganga wa tiba asili aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala angefanya kazi ya maana sana kama angekuwa wa kwanza kusema, "Hili la mtoto lina usaha, mpeleke zahanati leo."

Ukienda, fumua misuko nyumbani na usipake mafuta siku hiyo, ili ngozi ionekane. Nenda na ndugu zake wanaolala naye kitanda kimoja. Chukua na ile chupa uliyokuwa unampaka, hata kama haina lebo na unahofia kukaripiwa. Mhudumu anahitaji kujua kilichokwisha kupita kwenye kichwa hicho kabla hajaandika dawa nyingine.