Ada ya teknolojia mmeshailipa, basi itumieni



Kila ikikaribia Agosti swali ni lile lile. Mzazi yuko Mwanza au Mbeya, mtoto kapata chuo huku Marekani, viza imetoka, ndugu wamechanga, na sasa wanauliza: tumnunulie laptopu gani? Wengine wameshanunua, wanataka tu niwaambie wamefanya vizuri. Jibu langu halijawahi kumfurahisha mtu: msinunue kitu kwanza.

Mimi nafanya kazi kwenye dawati la msaada wa kompyuta la chuo kimoja hapa Minnesota. (Wale wa "tarakilishi" mnisamehe, ulimi wangu umeshazoea kompyuta.) Nilianza nikiwa mwanafunzi, kwa zile saa 20 kwa wiki ambazo mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya kampasi muhula ukiendelea, nikamaliza shule wakaniajiri. Kwa hiyo Agosti nimeziona nyingi. Na maoni yangu baada ya Agosti zote hizo ni kwamba vijana wetu hawaangushwi na kompyuta mbovu, wanaangushwa na aibu ya kuuliza.

Hebu chukueni ile ankara ya chuo mliyotumiwa, msome mstari mmoja mmoja. Kwenye vyuo vingi mtakuta mstari wa ada ya teknolojia. Mahali pengine hawauandiki peke yake, wameuficha ndani ya ada kubwa, lakini hela ni ile ile. Hiyo ndiyo inayomlipa mtu kama mimi. Ndiyo inayolipia waifai ya bwenini, printa za maktaba, programu, na laptopu ambazo maktaba nyingi za vyuo huazimisha kama vitabu. Ukikaa na tatizo lako chumbani muhula mzima, wewe umelipa, na mwenzako ndiye aliyehudumiwa.

Na huyo mwenzako anajua kudai! Mmarekani wa mwaka wa kwanza anakuja na kahawa yake mkononi, anatua laptopu juu ya dawati, anasema haiwaki, anavuta kiti. Hana habari. Wengi wao hata hawajui faili walilohifadhi jana liko wapi, maana kizazi hiki kimekulia kwenye simu, na ukimwambia afungue folda anakutazama kama umemsemesha Kigogo. Sasa kijana wetu aliyemaliza kidato cha sita, ambaye pengine shuleni kwao kompyuta zilikuwa kumi na zimefungwa kwenye chumba chenye kufuli, anaamini kwamba hapa ni yeye peke yake asiyejua. Basi anakaa kimya. Wiki ya tatu bado anaandika insha ya darasani kwenye simu.

Najua inakotoka. Nyumbani fundi wa kompyuta ni mtu wa kulipwa, na kabla hujalipa anatikisa kichwa kwanza ili bei ipande. Darasani ukiuliza kitu kidogo wenzako wanacheka hadi jioni. Mtu anasafiri na mazoea hayo kwenye begi, halafu yanamgharimu huku ambako hakuna anayemcheka.

Nitatoa mfano mmoja. Dada mmoja kutoka nyumbani, simtaji, alikuja dawatini kwa sababu akaunti yake ilikuwa imejifunga. Tukaifungua. Alipokuwa anaondoka akanigeukia, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: "Kaka, samahani, naomba kukuuliza kitu kingine, lakini si cha kompyuta." Alikuwa amepata barua pepe yenye jina la profesa wa chuo, anatafuta msaidizi wa kazi ndogo ndogo, malipo kila wiki, kazi inafanyikia chumbani. Hundi ilishamfikia, ameshaiweka benki, na salio linaonyesha hela zimeingia. "Profesa" sasa anamtaka abaki na ujira wake, na hela iliyobaki akanunue kadi za zawadi dukani, azipige picha zile namba za nyuma, amtumie. Alikuwa anaenda dukani jioni ile.

Utapeli huu ni wa zamani na bado unaua, kwa sababu moja ambayo mgeni hawezi kuijua asipoambiwa. Huku sheria inailazimu benki ikupe hela ya hundi uliyoiweka ndani ya siku chache tu, hata kabla haijajulikana kama hundi ni halali. Salio linapanda, unaamini. Baada ya wiki moja, mbili, wakati mwingine zaidi, hundi inarudi kuwa ni ya bandia na benki inachukua fedha yake kwako. Zile kadi za zawadi zilishaliwa siku ile ile. Deni ni lako. Na kwa mwenye F-1 kuna la pili: kazi usiyoruhusiwa inaweza kukuharibia viza yenyewe, kwa hiyo walioumizwa wengi hawasemi. Matapeli wanalijua hilo vizuri.

Yule dada aliuliza kwa bahati tu, kwa sababu alimkuta Mswahili dawatini. Je, angemkuta Mzungu? Nina hakika angeaga akaenda dukani. Ndiyo maana nakasirika ninaposikia watu wanasema msaada wa kompyuta ni mambo ya kubadilisha chaja. Ile barua ungeisambaza kwetu, tungekuambia ndani ya dakika mbili kwamba imetoka nje ya chuo. Tunaona barua za namna ile kila mwanzo wa muhula.

Haya, turudi kwenye laptopu. Nasema msinunue kwanza kwa sababu kila idara ina masharti yake. Anayekwenda kusoma uhandisi akatakiwa SolidWorks, au jiografia akatakiwa ArcGIS Pro, programu hizo ni za Windows, na ile Mac ya kifahari ambayo shangazi watatu wameichangia itabidi itafutiwe ujanja. Anayesoma historia hahitaji mashine ya bei mbaya hata kidogo. Ukurasa wa idara huandika wanachotaka. Usomeni kabla ya kufungua pochi. Watengenezaji wakubwa wana bei ya mwanafunzi, na Office ya Microsoft vyuo vingi hukupa bure ukiingia na barua pepe ya chuo. Nimeona mtu kalipia mjini Dar programu ambayo huku angepewa bure wiki ya kwanza, tena aliyouziwa ilikuwa ya wizi na ina virusi. Na kama mnarithisha laptopu ya kaka mtu, angalieni kama ni ya Windows 10: Microsoft iliacha kuihudumia bure Oktoba 14, 2025. Kama mashine inakubali kupandishwa kwenda 11, ipandisheni kabla ya safari.

Sinema na muziki wa bure, yale mambo ya torenti, achaneni nayo ndani ya kampasi. Waifai ya chuo inajua ni akaunti ya nani. Wenye haki wakilalamika, barua inakuja chuoni, na sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2008 inavitaka vyuo viwe na mpango wa kuzuia jambo hilo. Kijana wa watu anaitwa ofisini kwa ajili ya filamu ambayo hata hakuimaliza.

Kuhusu umeme nitasema kidogo. Huku ni volti 120, nyumbani ni 230. Chaja ya laptopu na ya simu kwa kawaida zimeandikwa 100-240, hizo ni salama, unahitaji kichwa cha soketi tu. Pasi na jagi la kuchemshia maji viacheni hapo hapo, huku vitapata uvuguvugu tu.

Simu ndiyo inayoumiza zaidi, na hakuna anayeiulizia. Mitandao mikubwa ya Marekani ilizima 3G mwaka 2022. Simu nyingi zinazouzwa kwa ajili ya soko letu hazina masafa ya huku, au haziruhusiwi kupiga sauti kwa 4G kwenye mtandao fulani, kwa hiyo mtu anashuka uwanja wa ndege na simu mpya isiyopiga. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba akaunti ya chuo siku hizi hufunguliwa kwa hatua mbili: neno la siri, halafu uthibitisho kwenye simu. Wakati wa kujiandikisha yuko Dar, anaweka namba yake ya Tanzania, ni sawa kabisa. Akifika huku anatoa laini anaweka ya Marekani, ile ya nyumbani anaitupia kwenye begi. Siku ya kwanza ya masomo chuo kinatuma msimbo kwenye namba iliyo ndani ya begi. Hawezi kuingia kwenye barua pepe, ratiba wala ukurasa wa kozi. Kila Septemba nakutana na mtu wa namna hiyo aliyekaa siku nne akidhani amefukuzwa chuo. Siku nne! Ni kazi ya dakika kumi: njoo na pasipoti na kitambulisho cha chuo, tunakusajili upya. Na ile laini ya nyumbani usiiache ife, weka salio kidogo uitumie mara moja moja, kwa sababu M-Pesa yako na benki yako vimefungwa kwenye namba ile ile.

Kuna jambo jipya ambalo sisi tuliotangulia hatukulikuta. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, walimu wana wasiwasi na kila insha, na baadhi yao wanatumia programu za kunusa maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizijaribu programu hizo kwa insha 91 za TOEFL, yaani zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa ni za mashine. Za wanafunzi wa Kimarekani zilipita karibu zote. Sababu inaeleweka: mwenye msamiati mdogo anaandika sentensi nyoofu za kawaida, na mashine nayo inaandika hivyo. Kwa hiyo mtoto wetu anaweza kuandika kwa jasho lake na bado akaitwa mwizi. Mimi naona chuo kinachompa mwalimu chombo cha namna hiyo bila kumweleza hayo kinakosea, na nimeshasema kwenye vikao vyetu. Lakini wakati tunabishana, mwanafunzi ajilinde: aandike ndani ya Word ya chuo au Google Docs, ambayo inatunza matoleo ya nyuma ya insha. Akiitwa, anaonyesha jinsi ilivyokua tangu mstari wa kwanza. Sisi wa dawatini tunaweza kukaa naye tukamtolea historia hiyo yote. Asikimbilie kukiri ili yaishe, kama nilivyosikia wengine wanavyoshauriana.

Nimebaki na neno kwa wenyeji wenzangu wa huku. Tunawapokea hawa wadogo zetu vizuri sana, sikatai. Tunawafuata uwanja wa ndege, tunawapikia ugali na sukuma wiki, tunawapa makoti ya baridi. Halafu tunawarudisha bwenini Jumapili usiku na kuwaambia wakikwama wapige simu. Wapige na simu gani? Na wewe uko zamu ya usiku, utapokea? Tena wakituuliza tunawapa ushauri wa chuo tulichosoma sisi enzi za flashi za megabaiti 256. Mpeleke mtoto hadi dawatini. Ingia naye. Mwache aulize yeye mwenyewe, kwa Kiingereza chake hicho hicho, wewe simama pembeni unyamaze. Inatosha mara moja. Mara ya pili atakuja peke yake, mara ya tatu atakuja na mwenzake kutoka Burundi.

Kwa wale wanaokuja Agosti hii: dawati la aina hii huwa maktaba au jengo la jirani, namba yake wakati mwingine iko nyuma ya kitambulisho cha chuo. Wiki ya kuhamia mabwenini foleni ni ndefu sana mchana. Njooni asubuhi.