Ipe Pesa Yako Jina Kabla Haijawa Tofali



Leo tunaziweka pembeni habari za hina na mitindo ya abaya, tuzungumze matofali. Msishangae. Sisi tunaoshona nguo za harusi tunausoma ukuaji wa mji kupitia wateja wetu. Zamani mteja akija kupimwa alikuwa wa Kikwajuni, Mlandege au Rahaleo. Siku hizi ni wa Fuoni, Kwarara, Tomondo, Kisauni, na wengine wanatoka huko Fumba kwenyewe.

Na macho yetu hayatudanganyi. Sensa ya mwaka 2012 iliuhesabu Mkoa wa Mjini Magharibi kuwa na watu 593,678. Sensa ya 2022 ikakuta 893,169. Yaani ndani ya miaka kumi wameongezeka watu karibu laki tatu, nusu ya wale waliokuwepo. Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, ilikuwa na watu 1,889,773. Kwa hiyo karibu nusu yetu tumebanana katika mkoa huu mmoja. Mji Mkongwe haupanuki, na Ng'ambo imejaa. Kilichobaki ni kuelekea Magharibi, palipokuwa mashamba ya minazi na mihogo. Huko sasa unakuta nyumba, na mbele ya nyumba fremu, na ndani ya fremu mwanamke: anauza vitambaa, anasuka, anapika maandazi, anatia hina, au kama sisi, anakanyaga cherahani mpaka usiku.

Alhamdulillah, ni neema. Soko jipya la Mwanakwerekwe limejengwa, barabara zinatiwa lami, na ukumbi wa harusi haukosi karibu na kwenu. Lakini kuna jambo moja linatukera, nalo ndilo la leo. Mji huu unajengwa na pesa za wanawake kwa sehemu kubwa, na wengi wetu hatuna hata karatasi moja yenye jina letu.

Tuieleze kama inavyotokea. Nyumba ya hapa kwetu haijengwi kwa siku moja. Kinanunuliwa kiwanja, unakaa mwaka. Unachimbwa msingi, unakaa mwaka. Kuta zinafika kwenye lenta, fundi anaondoka, majani yanaota ndani. Kisha bati, kisha plasta, na mara nyingi watu wanahamia kabla ya milango ya ndani. Katika safari hiyo yote mume na mke wanatoa pesa, ila hazendi mahali pamoja. Ya mume inanunua kiwanja, saruji na mabati. Ya mke inanunua chakula cha nyumbani ili ya mume ipate kwenda kwenye saruji. Inalipa ada ya skuli, inawalisha mafundi, inanunua marumaru, mapazia na makabati. Kibati chake kikitoka, kinaishia kwenye dirisha.

Siku ndoa ikiharibika, au mume akifariki, mtu anauliza: nani amejenga? Ya mume inaonekana, imesimama ukutani na risiti zake. Ya mke ilikuwa mchuzi, imeliwa. Ya mapazia imechakaa. Mwanamke aliyetoa miaka kumi na mbili anaondoka na godoro, kabati na vyombo, na watu wanasema amechukua vyake.

Hayo si ya nyumba tu, hata biashara ni hivyo hivyo. Sisi tulikodi fremu pembezoni mwa mji wakati barabara ikiwa ya vumbi na mtaa mzima hauna duka la nguo. Tukaleta wateja, wakaja wauza viatu, akaja muuza juisi, pakachangamka. Lami ilipofika na mkataba wetu wa miezi sita ulipokwisha, mwenye fremu alitaka kodi maradufu au tumpishe mwanawe. Tukapisha. Mahali palipata thamani sisi tukiwa ndani yake, na thamani ile ikabaki kwa mwenye jina. Anayejaza mtaa ni mmoja, anayefaidi kupanda kwa mtaa ni mwingine, na kinachowatenganisha ni karatasi.

Sasa dini yetu inasemaje? Inasema wazi kwamba mali ya mke ni yake. Mahari ni yake, si ya baba wala ya mume. Anachochuma ni chake. Bibi Khadija, Allah amridhie, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake na watu wa kumsafirishia bidhaa. Na matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume, hata mke akiwa na uwezo. Kwa hiyo mke anapotoa shilingi yake kujenga, anatoa kitu ambacho hakulazimishwa. Ni vizuri sana, na kina malipo. Zainab, mke wa Abdullahi bin Mas'ud, aliuliza kuhusu kumpa mumewe sadaka, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akabainisha kuwa ana ujira mara mbili: wa udugu na wa sadaka.

Hatusemi basi mke ashike pesa zake kwa ngumi. Tunasema pesa hiyo iwe na jina. Kuna majina matatu tu. Ama ni zawadi: umempa mumeo kwa ajili ya Allah, umekwisha, usije ukaidai siku ya ugomvi. Ama ni deni: umemkopesha, atalipa akipata. Ama ni ushirika: nyumba ni yenu nyote, kwa sehemu mnayokubaliana. Tatizo letu ni kwamba pesa inatoka bila jina. Mume anaichukua kama zawadi, mke moyoni anaihesabu kama ushirika, na kila mmoja anadhani mwenzake ameelewa. Ugomvi wa miaka kumi baadaye umezaliwa siku ile.

Tunajua mtakachoambiwa, maana na sisi tumeambiwa. "Unaandikishana na mumeo, kwani humuamini?" Jibu letu ni hili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na wanaosemeshwa pale ni walioamini. Kuandika hakukuwekwa kwa ajili ya wezi. Na mahari yenyewe, si inaandikwa katika cheti cha ndoa, mbele ya mashahidi, siku ya furaha kuliko zote? Hakuna mume anayeona ametukanwa. Mbona basi tuone haya kuandika tofali?

Tena karatasi haihitajiki kwenye talaka tu. Chukulia ndoa nzuri, yenye mapenzi mpaka mauti. Mume akifariki na ana watoto, mke anarithi thumni, sehemu moja kwa nane. Wakiwa wake wawili, thumni hiyo hiyo wanagawana. Kama nusu ya nyumba ilikuwa yako kwa ushirika, nusu ile si mirathi hata kidogo. Inatolewa kwanza, na thumni inahesabiwa katika kilichobaki. Kama ulikuwa unamdai, deni linalipwa kabla ya warithi kugusa chochote. Bila maandishi, yote yanaingia katika fungu moja, na wewe unatoka na thumni ya nyumba uliyoijenga. Mashemeji nao si lazima wawe wabaya. Hawajui tu, na hakuna wa kuwaambia. Na mume mwema hapendi kulala kaburini na deni la mkewe shingoni.

Sheria za nchi nazo zimeanza kutusikia. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar ya mwaka 2017 inampa Kadhi uwezo wa kusikiliza mgawanyo wa mali za ndoa pale penye mchango halisi. Litazame vizuri neno hilo, mchango halisi. Kadhi ataomba kuuona. Utamuonesha nini? Risiti ya saruji yenye jina lako inazungumza, daftari la kibati linazungumza, na meseji ya pesa uliyomtumia fundi kwa simu inazungumza. Mchuzi hauzungumzi.

Kwa hiyo, dada mwenye ndoa, tunakushauri mbadilishane. Angalau mara moja kwa mwaka mume alipe chakula na ada, ambavyo ni wajibu wake, na pesa yako iende kwenye bati, tena risiti iandikwe kwa jina lako. Mkikubaliana ushirika, andikeni karatasi fupi: kiwanja kipo wapi, nani katoa nini, nani ana sehemu gani. Wekeni mashahidi, mmoja kwenu na mmoja kwao, na sheha wa shehia yenu ajue. Hatua ya kweli ni majina yote mawili kuonekana katika hati ya matumizi ya ardhi, kwa sababu huko ndiko karatasi nyengine zote zinakopimwa.

Na kama unanunua kiwanja mwenyewe, usikimbilie bei. Ardhi ya Zanzibar tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 ni mali ya Serikali, sisi tunamiliki haki ya kuitumia. Viwanja vingi vinavyouzwa huko Magharibi vimekatwa kwenye mashamba, yakiwemo ya eka tatu waliyogaiwa wazee wetu. Muuzaji anaweza kuwa mmoja tu wa warithi wanane. Waulize majirani, muulize sheha, uliza Kamisheni ya Ardhi, na uulize Kamisheni ya Wakfu kama shamba lile halikuwekwa wakfu. Kujenga juu ya haki ya yatima au ya msikiti hakuna baraka, hata nyumba iwe na marumaru ya aina gani.

Sasa tugeuke kwako, biharusi. Hapa tutasema jambo ambalo litapunguza mkate wetu wenyewe, kwa sababu sisi tunaishi kwa kushona. Mahari si bajeti ya harusi. Tunawapokea wasichana ambao mahari yote imekwisha kabla ya nikaha: gauni la hina, la nikaha, la ukumbini, la kubadilisha saa nne za usiku, na sare za mashoga ambao hata hawajamaliza kulipa. Kila gauni linavaliwa saa tatu. Tunapokea pesa, tunashona vizuri, lakini rohoni tunasema, hii ilikuwa mwanzo wa kiwanja.

Shona mawili. La nikaha na la ukumbini yanatosha, na tutakushonea upendeze, inshaAllah. Kilichobaki katika mahari kianzie kitu chenye jina lako: cherahani ya pili, kodi ya fremu, au fungu la kwanza la kiwanja. Na wakati wa posa, somo yako anapokufunza mambo ya ndani, mwambie na baba au walii wako aulize mambo ya nje: tutakaa wapi, tutajenga lini, na pesa ya binti yetu ikiingia itaitwaje? Swali hilo ni jepesi kabla ya nikaha. Ukilichelewesha miaka kumi, linakuwa zito kuliko zege.

Mji utaendelea kujengwa, tukitaka tusitake. Bora wanetu wa kike wakue wakijua kuwa mama zao nao walikuwa na sehemu yao, imeandikwa.

Allah azitie baraka ndoa zetu, riziki zetu na majumba yetu, na atuepushe na dhuluma, ya kudhulumu na ya kudhulumiwa. Amin.

Wassalaam alaykum.